Namba ya Nyumba ya Mama

Nyumba ya mama yangu ilikuwa na mafungu laki tisa, tisini elfu na themanini. Kwa tarakimu ni 990,080. Namba hii naijua kuliko ninavyowajua baadhi ya wajukuu zangu. Tatu haiingii ndani yake, wala tisa, wala kumi na moja. Saba inaingia, kumi na tatu inaingia, kumi na saba inaingia. Wanawake wa rika langu pale Lamu wana mambo ya maana zaidi ya kukumbuka, harusi zao, watoto wao wa kwanza. Mimi kichwani mwangu nilitiliwa hii.

Anayeisikia mara ya kwanza hudhani natia chumvi. Nyumba moja ya mawe pale Mkomani, yenye ghorofa mbili na kiwanda, yaani ua, cha kuanikia nguo, itakatwaje mafungu yanayokaribia milioni? Hakuna aliyeikata kwa shoka. Ilikatwa kwenye karatasi, na waliosababisha ni maiti.

Aliyeijenga alikuwa babu yake mama. Alipokufa, wanawe walikuwa watatu, wawili wa kiume na mmoja wa kike, na kila mtu aliona haya kuwa wa kwanza kutamka neno kugawa. Kwetu anayetaja mirathi kabla ya hitima kwisha huonekana mlafi, na hitima ikisha watu wameshazoea kukaa kama walivyokaa. Basi nyumba ikaachwa. Wakafa na wale watatu, mmoja mmoja, wakaacha wajane na watoto, na kila kifo kikazidisha mafungu ya kile kilichotangulia. Mafungu yalikuwa yamefika mia sita na arubaini pale mambo yalipokuwa bado ya watu wa nyumbani. Kisha vikaja vifo vya pembeni. Mjane mmoja wa Shela alifariki akaacha wana wawili wa kiume na watatu wa kike. Mwanamume huhesabiwa vichwa viwili, mwanamke kimoja, kwa hiyo vichwa saba, na mia sita na arubaini ikazidishwa kwa saba. Kule Mbwajumali akafa mtu mwenye wana wanne na mabinti watano, vichwa kumi na vitatu, ikazidishwa tena. Faza akafa mzee mwenye wana sita na mabinti watano, vichwa kumi na saba. Hapo ndipo ilipofika 990,080, na warithi walio hai wakawa thelathini na watatu, wengi wao hawajawahi hata kuuona mlango wake.

Lakini mama yangu aliishi humo. Alizaliwa katika chumba cha ndani cha nyumba ile, na humo ndani ndimo alimonizaa mimi, na ndimo alimooshwa mamake alipofariki. Yeye alikuwa mtoto wa pekee wa babake, na babake alimwoza akamweka pale kama desturi yetu, mume ndiye anayehamia kwa mke. Babu yangu huyo alisema mbele ya watu kwamba nyumba ni ya binti yake. Alisema tu. Hakuandika, kwa sababu aliona ni upuuzi kuandikiana karatasi na mtoto wake mwenyewe, na pia nyumba nzima haikuwa yake kuitoa.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa mirathi. Nasema hivi bila majivuno, ila ukweli ni kwamba kutoka Shela mpaka Faza, mtu akifa na mali isiyogawika kirahisi, aliyetafutwa ni yeye. Alikuja na ubao wake mweusi na chaki, akakaa barazani, akauliza nani kafa kabla ya nani, na kabla ya adhuhuri kila mtu alijua fungu lake. Alikuwa akipenda kusema kwamba hajapata kukosea. Alisema hivyo mara nyingi mno, mbele ya watu wengi mno, na mtu akishajifungia mlango wa namna hiyo hana tena pa kutokea.

Siri yake ilikuwa mizani ya tisa. Baada ya kuzidisha namba kubwa na namba kubwa, hakurudia hesabu. Alijumlisha tarakimu za jawabu, akazijumlisha tena hadi ibaki tarakimu moja, akalinganisha na ile iliyotoka kwa namba alizozidisha. Zikilingana, alipangusa ubao na kuendelea. Ni njia nzuri. Mimi mwenyewe naitumia. Ina upofu mmoja tu, kwamba haijali tarakimu zimekaa wapi, kwa sababu sita na nane zikijumlishwa ni kumi na nne, na nane na sita ni kumi na nne vilevile. Baba aliyajua haya. Lakini aliyajua kama mtu anavyojua kwamba paa huanguka, bila kutazama juu kila anapoingia.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitano. Ilikuwa miaka ile ambayo serikali ilikuwa imeweka mahabusu wa bara kule Manda, na watu wa mjini waliongea habari zao kwa sauti ya chini. Nilikuwa nimesoma Kurani chuoni nikahitimu, na hesabu nikafundishwa na baba mwenyewe tangu nikiwa mdogo, kwa sababu hakuzaa mtoto wa kiume na macho yake yalikuwa yakififia. Nilipobaleghe nikatiwa ndani kama wenzangu. Sikutoka tena mchana. Nilichobakia nacho ni kupika, kushona kofia, na kumwandikia baba hesabu zake. Katika hizo tatu, ya mwisho ndiyo iliyonifanya nisirukwe na akili.

Mtoto wa ami yake mama ndiye aliyeanza habari ya kugawa. Yeye ni mtoto wa kiume wa pekee wa yule ndugu wa kiume wa babake mama, na mimi nilimwita mjomba. Alikuwa na duka lake, nyumba yake, na watoto wake tayari wana pa kulala. Nyumba ya mama aliitaka kwa sababu ilikuwapo. Alikuja na shauri ambalo kila mtu alilikubali, hata mama: nyumba isiuzwe nje ya ukoo wala isikatwe vyumba. Mwenye fungu kubwa kuliko wote aichukue nzima, na wengine awafidie kidogo kidogo. Kila mmoja alijua kwamba wenye mafungu makubwa ni wawili tu, yeye na mama. Wale thelathini na mmoja waliobaki walikuwa na vipande vya kugombaniwa na kuku.

Kwa hiyo jambo lote lilisimama hapo, nani ana kubwa, mama au mjomba. Mama alikuwa amerithi nusu ya babake na nusu ya mamake. Mjomba alikuwa na sehemu ya babake yeye, na juu yake, kama mrithi wa kiume wa karibu, alizoa kilichobaki kwa babake mama, kwa sababu mama hakuwa na kaka. Mtu hawezi kuliamua hilo kwa kutazama. Lazima lihesabiwe.

Baba alihesabu kwa siku nne, na mimi nikaandika. Tulikaa wawili, yeye na ubao, mimi na karatasi, akanisomea mafungu ya watu wa Faza, ya Mbwajumali, ya Shela, kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, polepole, na pale aliponiona nimekwama alirudia. Tuliandika majina thelathini na moja bila kosa. Mistari miwili ya mwisho, wa mama na wa mjomba, aliiacha makusudi itamkwe siku ya watu kukutana, ili asije mtu kusema imepikwa. Fungu la mama alikuwa amekwisha kulipata ubaoni, akalihifadhi kichwani na kuupangusa ubao. La mjomba hakulihesabu kabisa. Lile lilikuwa la kilichobaki, na kilichobaki hupatikana kwa kutoa.

Siku hiyo baraza ya chini ilijaa. Alikuwapo mjomba na mashahidi wake wawili, wazee wa msikitini, na watu wa Faza waliokuja na nguo zao nzuri. Mimi nilikuwa chumba cha pili, nyuma ya pazia, na karatasi juu ya mkeka. Ilikuwa imekubaliwa kwamba mwandishi asionekane wala asisikike. Wageni wengine nadhani hawakujua kabisa kwamba nyuma ya pazia pana mwanamke. Walidhani ni mwanafunzi wake fulani mwenye haya.

Sasa baba, mbele ya watu wale, hakusema kwa Kiswahili cha nyumbani. Aliinua sauti akatamka fungu la mama kwa Kiarabu, kama wafanyavyo wanazuoni wanapotaka kusikika:

"Miateni wa sita wa thamanina alfu, wa mia wa khamsa wa tisina."

Mwarabu hutaja mamoja kabla ya makumi. Mia mbili, na sita na themanini elfu, na mia, na tano na tisini. Mtu aliyetulia husubiri namba iishe ndipo aandike. Mimi sikutulia. Nilikuwa nikimwaza mama, na mkono wangu ukaandika kila neno lilivyofika sikioni, mbili, kisha sita, kisha nane, kisha moja, tano, tisa. Badala ya 286,195 nikaandika 268,159. Pembeni nikaandika mizani yake, nne, nikapitisha karatasi chini ya pazia. Baba, kama kivuli chake kwenye pazia kilivyonionyesha, akaisogeza puani kwa ajili ya macho yake, akaiona nne, akaitikia kwa kichwa. Mizani ya namba ya kweli nayo ni nne. Unaweza kujumlisha mwenyewe, zote mbili zinaanza kwa thelathini na moja.

Karatasi ikarudishwa kwangu nitoe kilichobaki. Nikatoa. La mjomba likaja 281,026. Lilikuwa limelizidi la mama. Nikatoa tena mara ya pili, kisha ya tatu, na kutoa kwangu kulikuwa sawasawa, kwani kila fungu nililomnyang'anya mama bila kujua lilikuwa limeangukia kwa mjomba, na jumla ilitimia 990,080 bila kupungua hata moja. Hakuna mtu ambaye angeliona pengo, kwa sababu halikuwapo.

Baba akasoma yote mawili mbele ya watu, safari hii kwa Kiswahili, na wasikilizaji wasioishika ile ya Kiarabu hawakuona tofauti. Kinywa chake mwenyewe kilisema sitini na nane, baada ya kusema themanini na sita muda mfupi kabla yake. Alishangaa? Alisita? Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, sikumwona uso. Nilisikia tu sauti, na sauti haikusita. Jambo hili nimelitafuna kwa miaka mingi na bado halijalainika.

Wakasoma Fatiha, wakatia sahihi. Mama alikuwa juu na wanawake. Alipoambiwa, alisema Mungu ndiye mgawaji, akaendelea kuwapakulia wageni kaimati. Alipewa muda mpaka baada ya Ramadhani ahame, naye akaona hata huo ni ukarimu.

Ningeishia hapo na kusahau kama ningekuwa na kazi nyingine ya kufanya. Lakini msichana aliyetiwa ndani ana wakati mwingi kuliko tajiri. Nilibakia na nakala ya karatasi ile, na kila nilipomaliza kushona nikawa naichezea namba ya nyumba. Nikaivunja vipande vyake vya asili. Ilitoka mbili iliyorudiwa mara saba, kisha tano, saba, kumi na tatu, na kumi na saba, basi, hakuna kingine. Nikahesabu ni namba ngapi zinazoweza kuigawa bila baki, nikapata mia na ishirini na nane. Nilifurahi peke yangu kama mwehu kuona kwamba hiyo mia na ishirini na nane yenyewe nayo ni mojawapo ya zinazoigawa. Hakuna mtu wa kumwambia furaha kama hiyo katika nyumba ya watu wanaofunga mizigo.

Kisha nikaanza kuyavunja na mafungu ya watu, moja moja. Ya watu wa Faza yalikuwa na saba ndani yake, na kumi na tatu, kama ilivyopasa, kwa sababu vifo vya Shela na Mbwajumali havikuwahusu. Kifo kisichokuhusu huzidisha jumla, kwa hiyo ni lazima kizidishe na fungu lako, ama sivyo utakuwa umedhulumiwa na maiti usiyemjua. Fungu la mama halikuhusika na kifo chochote kati ya vile vitatu vya pembeni. Basi fungu lake lilipasa kugawika kwa saba, na kwa kumi na tatu, na kwa kumi na saba.

Nikaigawa 268,159 kwa kumi na saba. Ikabaki moja. Kwa saba, ikabaki tatu. Kwa kumi na tatu, ikabaki nane. Haikugawika hata kwa tano. Walimu wa mirathi wana neno la namba mbili zisizoshirikiana kigawanyo chochote, huziita zenye kutengana. Fungu la mama na nyumba ya mama zilikuwa zimetengana kabisa. Namba ile haikuwa na nasaba na nyumba ile. Haikuwezekana iwe imetoka humo.

Nikakumbuka sauti ya baba na maneno yake yalivyofuatana, nikazipindua tarakimu mahali pake. 286,195. Kwa kumi na saba, 16,835 kamili. Hiyo kwa kumi na tatu, 1,295. Kwa saba, 185. Kwa tano, 37. Nikaifanya vivyo hivyo nyumba yenyewe, ikafika 128. Nikamtoa mjomba upya, fungu lake la kweli likawa 262,990, nikaligawa vilevile, likafika 34. Hayo ndiyo yaliyokuwa ndani ya malaki yote yale. Ukiweka kando vifo vya watu wa mbali, na ile tano ambayo zote tatu zilishirikiana, nyumba ilikuwa na mafungu mia na ishirini na nane, mama thelathini na saba, mjomba thelathini na nne. Jambo ambalo mtoto wa chuoni angelimaliza kwa kokoto.

Ilikuwa wiki ya mwisho ya Shaabani. Mama alikuwa bado hajahama. Hakuna hata kufuli lililokuwa limebadilishwa. Nilimngoja baba mpaka aliporudi kutoka msikitini baada ya alasiri, nikamletea ubao.

"Baba, fungu la mama si hili."

"Si hili vipi?"

"Kumi na saba haingii. Yabaki moya."

Hakunikemea. Alikaa, akachukua chaki, akaandika tarakimu kubwa kubwa ili macho yake yazione, akagawa. Akabaki na moja. Kisha akaandika ile ya kweli bila mimi kumtajia. Hilo ndilo lililonikata maini, kwamba aliikumbuka. Aliivunja kwa utaratibu mpaka akafika thelathini na saba, kisha akalitoa la mjomba, akalivunja vilevile.

"Thalathini na saba," akasema. "Naye thalathini na nne."

"Naam, baba."

"Ni nani aloandika?"

"Ni mimi."

"Basi ni mkono wako ulomtoa mamako nyumbani."

Ni kweli ulikuwa mkono wangu, na hilo sijalikana mpaka leo. Lakini nilikuwa nimekuja kwake kwa sababu palikuwa bado na wakati, na nikamwambia hivyo. Mashahidi wote walikuwa hai na walikuwa mjini. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja, kuwaita na kuwaonyesha ubao.

"Wajua nimegawa nyumba ngapi muyi huu?" akasema. "Nikisimama mbele ya watu nikasema hini moya nimekosa, kesho watanijia na karatasi zao wote. Alokosa hapa, kule hakukosa? Na watauliza, ni nani alokuwa nyuma ya pazia? Mtoto wa kike. Mirathi ya watu yaandikwa na mtoto wa kike. Watasemaje?"

"Watasema mama ana thalathini na saba."

Alinitazama kama vile nimemtukana. Kisha akaupangusa ubao kwa kiganja, taratibu, pembe mpaka pembe, na akabadili sauti. Mwezi ule alikuwa na posa yangu mkononi, kutoka kwa mwanamume wa makamo aliyefiwa na mke, muuza nguo, na nilikuwa nimelia siku tatu bila mtu kunisikiliza. Akasema posa ile ataikataa. Akasema atanifungulia kasha lake la vitabu, hesabu yote na elimu ya nyota na miezi, ambayo hakuna mwanamke aliyefundishwa pale mjini. Akasema hatanioza kwa mtu asiyenitaka na elimu yangu. Hakusema kwa malipo ya nini. Wala mimi sikuuliza.

Siku hizi watu huja kunisifu. Nimesomesha mabinti wa mitaa mitatu hesabu, na wako walioniletea zawadi kutoka Mombasa. Husema nilikuwa na bahati ya kupata baba aliyekuwa mbele ya wakati wake. Nawaacha waseme. Baba alitimiza kila alichoahidi. Alinifundisha mizani ya kumi na moja, ambayo huziona tarakimu zilizopinduka, na aliponifundisha wala hakuona haya. Nilipata nilichokitaka, na nilikitaka sana, na huo ndio ubaya wenyewe. Kama angenitisha tu, leo ningekuwa na mtu mmoja wa kumchukia.

Naye pia alipata chake. Alikuwa amekaa miaka ishirini katika nyumba ya mkewe, na watu humwita mwenye kukaa hivyo mume wa nyumba fulani, kwa mzaha, lakini mzaha hutoboa. Sasa alikuwa anampeleka mke kwenye nyumba ya wazazi wake yeye, chini ya dari yake. Alitembea vizuri zaidi mwaka ule, na sauti yake ikapanda. Sisemi alikusudia tangu mwanzo. Nasema alipojua, hakuumia kama alivyopasa kuumia.

Tulihama siku ya nne baada ya Idi. Mizigo ilipokwisha kutolewa, mama aliniita katika kile chumba cha ndani alimozaliwa, sasa kitupu na kilichopakwa chokaa upya na watu wa mjomba kabla hata hatujatoka. Alikuwa amekaa sakafuni ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha. Yeye hakujua kusoma tarakimu. Alijua kuhesabu vikombe na siku zake.

"Ndoo ukae nami," akasema, akinipungia mkono nije. Nikakaa. "Babako ni mwalimu, simuulizi. Mjomba wako ni mwanamume, simuulizi. Nakuuliza wewe, kwani wewe ndiwe uloandika, na wewe ni wangu. Ilikuwa sawa?"

Nilikuwa na thelathini na saba mdomoni. Ni neno fupi. Lingetoka kabla sijavuta pumzi ya pili, na angenyanyuka, angeshuka ngazi, angeenda kwa wale mashahidi mwenyewe na buibui lake, maana mama alikuwa mpole lakini hakuwa mwoga. Na kasha la vitabu lingefungwa siku hiyo hiyo, na yule muuza nguo bado alikuwa hajaoa.

"Sawa, mama," nikasema. "Nilihakikisha mwenyewe."

Akanishika kichwa, akanibusu utosi, akainuka akavaa viatu.

Aliishi miaka kumi na tisa katika nyumba ya wakwe, katika chumba kimoja cha upande wa choo. Wanawake walipokuja kumtembelea na kuanza kumsema mjomba, kwamba mtu aliye na nyumba yake hakupaswa kumtoa mwanamke pale alipozaliwa, na kwamba huenda hesabu ile ilikuwa na mkono wa mtu, mama aliwakatiza. Aliwaambia wasimseme mtu bure, hesabu ilikuwa sawa, na yeye hana kinyongo, kwani aliyeiandika ni mwanawe. Kisha aliniita nije niwamiminie kahawa, ili wanione.